Vinundu Visivyouma: Mkono wa Udhu Unapogusa Dalili ya Maradhi



Ndugu msomaji, wiki hii nakusudia kuzungumzia jambo ambalo baadhi yetu huligusa kwa mikono yetu kila siku bila ya kulitambua. Nalo ni uvimbe mdogo, mgumu, uliojificha chini ya ngozi karibu na viungo: kwenye kiwiko, kwenye vidole, nyuma ya kisigino, au kisogoni kwa mtoto. Mara nyingi hauumi, hauwashi wala hautoi usaha. Kwa kuwa hauumi, mwenye nao huuacha, na jirani humwambia kuwa hiyo ni sugu tu, itaondoka yenyewe. Mimi si tabibu. Ni katibu wa kamati ya msikiti hapa Bunju, na elimu niliyoisomea ni ya dini. Haya ninayoyaandika nimeyapata kwa kuuliza wenye ujuzi na kwa kusoma, baada ya matukio mawili kutokea karibu nami na kunifundisha kwa gharama kubwa.

Tukio la kwanza ni la mtoto wa miaka 10 wa madrasa yetu. Alianza kwa kuumwa koo na homa. Nyumbani wakaona kimeo kimerefuka, wakampeleka kwa mkataji, kikakatwa, na koo likapoa. Baada ya wiki tatu hivi akaanza kuchechemea. Leo goti la kulia, keshokutwa kifundo cha mguu wa kushoto, wiki iliyofuata kiwiko. Mwalimu alipomuuliza mbona jana lilikuwa goti, mtoto hakuwa na jibu. Daftari la mahudhurio hulitunza mimi, na nakiri mbele yenu kwamba niliandika neno "mtoro" mbele ya jina lake, nikamwambia baba yake kuwa mwanawe anatafuta visingizio.

Siku moja baba huyo alipokuwa akimnyoa nywele, alikuta vinundu vitatu kisogoni, vidogo kama punje za mbaazi, na vingine kwenye viwiko. Vikapakwa mafuta ya habasoda. Baada ya siku kumi hivi vikatoweka, na kila mtu akashukuru kuwa dawa imekubali. Miezi michache baadaye mtoto yule hakuweza kutembea kutoka Barabara ya Bagamoyo mpaka msikitini bila ya kusimama njiani kutafuta pumzi. Alipopimwa, vali moja ya moyo wake ilikuwa imekwisha kuharibika.

Tukio la pili ni la shangazi yangu, ambaye mikono yake ilijulikana mtaani kwa chapati za futari. Kwa miaka miwili aliamka asubuhi vidole vikiwa vimekakamaa, hawezi kukunja ngumi mpaka jua lipande. Kisha vikamtokea vinundu viwili chini kidogo ya ncha ya kiwiko. Akaambiwa amerushiwa kitu. Mtu mmoja akamchanja chale juu ya kinundu ili "kitoke", na palipochanjwa pakawa donda lililokataa kupona kwa miezi mitatu. Hospitalini ndipo tulipoambiwa kuwa ana baridi yabisi ya aina ya rumatoidi, na kwamba vile vinundu vilikuwa sehemu ya maradhi hayohayo.

Wazee wetu walisema, mjumbe hauawi. Kinundu cha namna hii ni mjumbe. Hakikuja kukudhuru chenyewe. Kimeleta habari za maradhi yaliyo mahali pengine. Kwa mtu mzima, habari hiyo mara nyingi inahusu viungo vyake. Kwa mtoto, inaweza kuwa inahusu moyo. Anayekichanja, anayekichoma au anayekipaka mafuta kisha akafurahi kikitoweka, amemfukuza mjumbe kabla ya kusikia alichotumwa.

Njia nyepesi ya kuvitambua tumekwisha kupewa, nayo ni udhu. Mahali vinundu hivi vinapopenda kutokea karibu panalingana na mahali mkono wetu unapopita mara tano kwa siku. Basi na tufuatane kiungo kwa kiungo.

Tuanze na viganja na vidole. Unapopitisha vidole vya mkono mmoja kati ya vidole vya mwingine, gusa vifundo vyake. Ukikuta uvimbe mgumu kama mfupa kwenye kiungo cha mwisho kabisa, karibu na kucha, kwa mtu aliyekwisha kupita umri wa makamo, huo kwa kawaida ni wa kuchakaa kwa viungo. Tabibu wa Uingereza, William Heberden, aliueleza katika karne ya 18, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Huo ni mfupa uliokua pembeni mwa kiungo. Hauna madhara makubwa, ingawa unaweza kuumiza unapoanza. Lakini ukikuta vinundu juu ya vifundo vikubwa vya vidole, navyo viungo vyenyewe vimevimba kwa laini na joto, mikono yote miwili kwa pamoja, na ukakamavu wa asubuhi unazidi nusu saa au saa nzima, hapo fikiria rumatoidi. Maradhi haya huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume.

Kisha viwiko. Hapa ndipo makao makuu ya kinundu cha rumatoidi: kwenye ncha ya kiwiko na kuteremka kidogo upande wa mfupa wa mkono, mahali tunapoegemea. Huwa kigumu kama mpira, na hukua polepole. Kiasi cha mtu mmoja kati ya kila watano hadi mmoja kati ya watatu au wanne wenye rumatoidi huvipata, na wanaovipata mara nyingi ndio ambao maradhi yao ni makali zaidi. Wavutaji wa sigara wamo hatarini zaidi kuliko wasiovuta. Kwa hiyo kinundu cha kiwiko kwa mtu anayeumwa viungo ni sababu ya kuharakisha kwenda hospitali, hata kama hakimsumbui.

Halafu kichwa. Anayempangusa mtoto kichwa, au anayemnyoa, apitishe vidole kisogoni, palipo na mfupa. Hapo nitaparudia, kwa kuwa habari yake ni nzito.

Kisha masikio. Kidole cha shahada kikiwa ndani na dole gumba likiwa nyuma, pitia ukingo wa juu wa sikio. Mwanamume mwenye historia ya kidole gumba cha mguu kuvimba usiku na kuwa chekundu, kisiweze kuguswa hata na shuka, akikuta hapo kijiwe kigumu cheupe chini ya ngozi, huenda ni jongo lililokomaa. Kijiwe hicho ni chumvi ya asidi ya yuriki iliyojikusanya kwa miaka, na huonekana pia kwenye viwiko, vidole na kidole gumba cha mguu. Kikipasuka hutoa kitu cheupe kama chaki, na watu hudhani ni usaha. Kisiminywe, mlango ukifunguliwa, uchafu huingia. Zipo dawa za kushusha asidi hiyo kwenye damu, na vijiwe hupungua vyenyewe kadiri muda unavyokwenda.

Mwisho ni miguu. Unapoosha kisigino, bana kwa vidole viwili ile kano nene iliyo nyuma yake. Kinundu cha rumatoidi hukaa hapo pia, na cha homa ya mtoto vilevile.

Hapa lazima niseme neno juu ya sugu ya sala, maana ndiyo inayotuchanganya zaidi. Mwenye kudumu katika sala hupata weusi na ugumu wa ngozi kwenye paji la uso, magotini, juu ya mguu, na kwenye kifundo cha mguu anaoukalia katika tahiyatu. Jambo hili linajulikana hata kwa madaktari wa ngozi. Lakini tofauti yake ni nyepesi. Sugu ni ngozi yenyewe iliyokuwa nene: ukiisogeza ngozi, sugu husogea nayo, na rangi yake hubadilika. Kinundu kimo chini: ngozi iliyo juu yake ni ya kawaida, na unaweza kuisogeza huku kinundu kikibaki mahali pake. Sugu hukaa panaposuguliwa. Kiwiko hakigusi mkeka wakati wa kusujudu, kwani tumekatazwa kulaza mikono. Basi mzee anayesema kinundu cha kiwiko chake ni alama ya ibada, tumshauri kwa adabu akapimwe.

Aidha, si kila kinundu kisichouma ni cha baridi yabisi. Jirani aliyehamia kutoka Mahenge au milima ya Tanga, mwenye vinundu kwenye nyonga au mbavu pamoja na ngozi inayowasha, huenda ana minyoo ya usubi. Mwenye vinundu masikioni au usoni pamoja na baka lisilohisi akiguswa apimwe ukoma, ambao una tiba kamili na dawa zake hutolewa bure. Na uvimbe unaokua haraka, mahali popote, usisubiri wiki ya pili.

Sasa tumrudie mtoto. Homa ya rumatiki huanzia kooni. Kuna bakteria aitwaye streptokoka anayeleta maumivu ya koo. Mtoto akipona koo, kinga ya mwili wake inaweza kukosea, ikashambulia viungo na moyo wake mwenyewe kana kwamba ndio adui. Hilo hutokea kiasi cha wiki mbili hadi tatu baadaye, na huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Maumivu huhama kutoka kiungo kimoja hadi kingine, na kuhama huko ndiko kulikonifanya mimi nimdhanie mtoto wa watu kuwa mwongo. Viungo hupona bila ya kuacha kovu. Vali za moyo ndizo zinazobaki na kovu.

Habari ya vinundu hivi na moyo si mpya. Mwaka 1881 matabibu wawili, Thomas Barlow na Francis Warner, walieleza mbele ya mkutano wa madaktari London kuwa watoto wenye vinundu chini ya ngozi ndio hao wenye rumatiki na maradhi ya moyo. Mwaka 1944 Daktari Duckett Jones wa Marekani aliviweka katika orodha ya dalili kubwa za homa hii, na mpaka leo vimo: kuathirika kwa moyo, kuvimba viungo, mikono na uso kuchezacheza bila ya hiari, mabaka ya duara yenye ukingo mwekundu, na vinundu. Mabaka ni vigumu kuyaona kwenye ngozi nyeusi. Kuchezacheza nako hutufanya tuseme mtoto ana shetani au ni mtukutu: mwandiko wake wa alif na lamu uliokuwa mzuri unaharibika, kikombe kinamponyoka, uso unajikunja. Mwalimu wa madrasa huyaona haya mapema kuliko daktari.

Vinundu vya homa hii ni vidogo, kuanzia milimita chache hadi sentimita mbili, na hupatikana kwa watoto wachache tu kati ya wagonjwa wote. Lakini anayevipata, mara nyingi moyo wake umekwisha kuguswa. Na jambo la kuogofya ni hili: hudumu wiki moja au mbili tu, kisha hutoweka vyenyewe, upake dawa au usipake. Kutoweka kwake si kupona. Ukiviona leo, mpeleke mtoto leo, vipate kuonekana na macho ya mjuzi. Yafaa pia kukumbuka kuwa mtoto anayeumwa viungo anaweza kuwa na selimundu, maradhi yaliyo mengi nchini mwetu. Kipimo ndicho kitakachopambanua, si dhana zetu.

Kinga yake ni rahisi kuliko tiba. Koo linalouma kwa ghafla pamoja na homa, tezi za shingo zimevimba, tena bila ya kikohozi wala mafua, lipelekwe zahanati. Sindano moja ya penisilini ya muda mrefu, au vidonge vya siku 10 vinavyomalizwa vyote, huzuia homa ya rumatiki, hata kama matibabu yameanza siku ya tisa tangu koo lianze kuuma. Mwambie tabibu kama mtoto amewahi kudhurika na penisilini. Ama kukata kimeo, hakuui bakteria yule. Kunamwacha mtoto na jeraha kooni na hatari ya kuvuja damu, na zile siku tisa zinapita. Nayasema haya nikijua kuwa desturi hii ni ya wazazi wetu tunaowaheshimu, ambao walifanya kwa kadiri walivyojua. Sisi tumejua zaidi, na hatuna udhuru.

Kwa mtoto ambaye homa imekwisha kumpata, sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, ndiyo inayozuia isirudi na kuuharibu moyo zaidi. Utafiti uliofanyika Gulu, kaskazini mwa Uganda, na kuchapishwa mwaka 2021, uliwachukua watoto 818 walioonekana kwa kipimo cha eko kuwa na dalili za mwanzo kabisa za moyo wa rumatiki. Baada ya miaka miwili, miongoni mwa waliochomwa sindano waliozidi kuharibika walikuwa 3, na miongoni mwa wasiochomwa walikuwa 33. Mzazi anayechoka kwenda kliniki na azitafakari hesabu hizo mbili.

Nimesikia pia wazazi wakiahirisha sindano ya mwezi wa Ramadhani kwa kuogopa kuharibu funga ya kijana. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha kumi mjini Jeddah mwaka 1997, liliamua kuwa sindano za tiba za kwenye ngozi, msuli au mshipa hazifunguzi, isipokuwa zile za lishe. Basi sindano ya penisilini isiachwe. Na ambaye moyo wake ni dhaifu kiasi cha kudhurika na funga, amuulize daktari wake, kisha mwanachuoni wake, asijiamulie kwa kuona haya.

Kwa watu wazima wenye rumatoidi, nao wana dawa zinazotuliza maradhi yenyewe, si maumivu tu. Mojawapo ni metotreksati, inayomezwa mara moja kwa wiki. Narudia: kwa wiki. Wako watu duniani waliopoteza maisha kwa kuimeza kila siku. Haitumiwi na mwanamke mjamzito wala anayetarajia kupata ujauzito. Aidha, wakati mwingine huzidisha vinundu vidogo vya vidoleni huku viungo vikipata nafuu. Mgonjwa asiiache kwa hilo, amwambie daktari. Kujinunulia vidonge vya steroidi dukani kwa sababu vilimsaidia jirani huleta nafuu ya siku chache na madhara ya miaka.

Na hijama je? Ina nafasi yake, na wanaoifanya kwa elimu wapo. Lakini mwenye elimu yake hawezi kukata juu ya uvimbe usiojulikana ni wa nini. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoulizwa na mabedui kama wajitibu, aliwaamrisha kujitibu, kama alivyopokea Usama bin Sharik. Kujitibu ni pamoja na kujua kwanza unachokitibu. Dua na kisomo vinakwenda pamoja na kipimo, havishindani.

Tufanye nini basi? Ukikuta kinundu, usikiminye wala usikichanje. Kumbuka mambo manne ya kumweleza tabibu: kiko wapi, kilianza lini, viungo gani vinauma na saa ngapi, na kwa mtoto, kama aliumwa koo katika wiki zilizotangulia. Kama una simu yenye kamera, kipige picha, maana cha mtoto chaweza kutoweka kabla hamjafika kwenye foleni. Anza zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, nao watakuelekeza Mwananyamala au Muhimbili ikilazimu. Kwa moyo, tunayo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015 palepale Muhimbili, ambako vali hupimwa na kufanyiwa upasuaji bila ya kusafiri kwenda India.

Shangazi yangu sasa anasali akiwa amekaa kitini, na vidole vyake viwili havinyooki tena, ila maumivu yametulia. Mtoto yule anachomwa sindano kila mwezi na ameruhusiwa kurudi madrasa. Nimelifuta lile neno katika daftari, nikamwomba radhi yeye na baba yake. Ijumaa iliyopita nilimwona akitawadha, akaosha viwiko vyake kwa makini kuliko mtu mzima yeyote pale birikani. Nasi tufanye hivyo, kwa ajili ya ibada yetu na kwa ajili ya miili ambayo ni amana kwetu.